Usinunue Kiwanja Siku ya Jumapili

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, Dar es Salaam)

Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, ndugu wanachama: wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Mwenyekiti amenidokeza pale nje kwamba wengi wenu mmeshajaza fomu za mkopo wa kiwanja, na wengine mnahama nyumba za kupanga mwezi ujao. Basi tuingie kazini.

Dalali anapenda kukupeleka kuona kiwanja Jumapili saa 4 asubuhi. Anajua anachofanya. Saa hiyo Barabara ya Bagamoyo ni nyeupe, mnafika Bunju hujamaliza hata soda uliyonunua Mwenge. Anakwambia, "Unaona bosi, muda si muda tumefika." Na hajakudanganya. Ila kazini huendi Jumapili. Unakwenda Jumatatu, saa 11 na nusu alfajiri upo kituoni, tena mara nyingine ni masika na mwisho wa mwezi, na daladala tatu zimeshapita zimejaa hadi mlangoni.

Tangazo la kiwanja huandikwa kwa kilomita. Kwa jiji hili kilomita haikusaidii sana. Hesabu milango. Mlango ninaouita mimi ni ile sehemu ambayo watu wa ukanda mzima lazima wapite, hakuna pa kukwepea. Dar es Salaam ina barabara kuu nne zinazoingia mjini: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa. Mashariki kuna bahari. Kusini kuna mkondo wa bandari. Katikati bonde la Mto Msimbazi limekata jiji vipande. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na asubuhi wengi wao wanaelekea upande ule ule, katikati ya mji, Posta na Kariakoo, kupitia sehemu chache mno: Selander, Jangwani, Kamata, na kule Kivukoni. Kabla ya hizo kuna Mwenge, Ubungo, TAZARA. Ukitaka kujua hali ya nyumba unayoipenda, kaa na karatasi uandike milango iliyopo kati yake na kazi yako. Halafu jiulize, mlango huu ukifungwa, nina mwingine?

Chukua Magomeni. Kila mtu atakwambia Magomeni ni mjini, na ni kweli, Kariakoo unaiona kwa macho. Lakini kati yake na Kariakoo kuna Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha, Msimbazi hupanda, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, na mabasi ya mwendokasi, yale yenye njia yao peke yao, nayo husimama. Hata karakana ya mabasi hayo ilijengwa humo humo bondeni, jambo ambalo mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza nikaelewa. Afadhali ya mtu wa Magomeni, maana anaweza kuzungukia Kinondoni au Kigogo, na akishindwa kabisa anasubiri maji yapungue. Mtu wa Kibamba siku hiyo amekwama Ubungo hata Jangwani hajaiota.

Sasa Kigamboni, maana naona wengi hapa mmeandika Kigamboni kwenye fomu. Ukisimama Kivukoni, Kigamboni iko ng'ambo pale, mtu akipunga mkono utamwona. Ndiyo maana inawavutia watu. Lakini safari yako inategemea pantoni, nazo ni chache. Moja ikienda matengenezo, foleni ya magari inarudi nyuma huko, na abiria wa miguu wanabanana kwenye geti. Daraja la Nyerere lilifunguliwa Aprili 2016, lina mita 680, na wenye magari wanalipa tozo. Ni daraja zuri. Lakini angalia linakushusha wapi: Kurasini, unakutana na malori ya bandari yanayotafuta Barabara ya Mandela yaende Zambia na Kongo. Kwa hiyo jibu langu kuhusu Kigamboni linategemea kitambulisho chako cha kazi. Unafanya kazi Kurasini, Chang'ombe, viwanda vya Barabara ya Nyerere? Nenda Kigamboni, utapata kiwanja kikubwa na upepo wa bahari. Unafanya kazi Mikocheni? Ndugu yangu, utavuka maji, utavuka malori, halafu ndipo foleni yako yenyewe ianze.

Kuna jambo wageni wa jiji hawalijui, na wenyeji tunalijua mpaka tumesahau kulisema: anayekaa mwisho wa ruti mara nyingi anasafiri vizuri kuliko anayekaa katikati. Wa Kimara Mwisho anapanda mwendokasi linapoanzia. Akipanga foleni yake, anakaa. Wa Manzese yuko karibu zaidi na mji, lakini mabasi yanamfikia yamejaa, anaweza kuyaacha kadhaa yapite. Ndiyo asili ya kugeuza: unakaa vituo viwili kabla ya mwisho, unapanda gari linalorudi nyuma, unalipa nauli ya ziada, unageuza nalo stendi ili upate siti. Pale Mbagala Rangi Tatu kwa miaka watu wameingia madirishani, akina mama na mikoba yao, kugombea siti moja. Kwa hiyo mkipima mitaa miwili kwenye barabara moja, msiangalie ipi iko karibu na mji tu. Ulizeni gari linaanzia wapi, na likifika kituo chenu lina nafasi?

Mwendokasi lilipoanza, mwaka 2016, kati ya Kimara na Kivukoni, liliibadilisha safari ya watu wa Barabara ya Morogoro kweli kweli. Basi likipatikana, ulikuwa unatoka Kimara unafika mjini kwa muda ambao zamani ungekuwa bado unaiona Ubungo kwa mbali. Nasisitiza, likipatikana. Njia peke yake haimfikishi mtu. Mabasi yakiwa machache unasimama kituoni unaitazama njia tupu. Na hapa nataka niwaonye juu ya ahadi. Njia za awamu ya pili, Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, zilikamilika muda mrefu kabla ya mabasi kuanza kubeba watu. Katikati hapo wapo walionunua na kupanga kwa bei ya mwendokasi huku wakipanda daladala ile ile. Dalali akikwambia "hapa mwendokasi linapita", muulize ni lini mara ya mwisho amelipanda.

Madaraja ya juu nayo yamewafanya watu wanunue kwa pupa. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa Septemba 2018, lile la Kijazi pale Ubungo Februari 2021, na Daraja la Tanzanite baharini mwaka 2022. Yote yamesaidia, sikatai. Wanaokumbuka Ubungo ya taa za barabarani wananielewa. Ila foleni nyingine haikufa, imesogea mbele tu. Unaipita TAZARA hewani, unaikuta Kamata chini. Mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliliandika hili mwaka 1962: barabara mpya ya mjini ikipunguza foleni ya saa za msongamano, waliokuwa wakipita njia nyingine, waliokuwa wakiondoka mapema na waliokuwa wakipanda usafiri wa umma wote huhamia pale, na foleni inarudi. Goba ni ushahidi wetu. Lami ya kutoka Mbezi Mwisho kupitia Goba hadi Tangi Bovu, na ile inayoshuka Makongo hadi Chuo Kikuu Ardhi, zilikuwa njia za kukwepa za wachache wanaojua. Leo kila mtu anajua, na amejenga huko huko.

Pamoja na hayo, mimi bado naipenda Goba kuliko maeneo mengi ya bei yake. Sababu ni hiyo milango. Mtu wa Goba anaweza kutokea Barabara ya Morogoro, au ya Bagamoyo, au Mlimani kule Chuo Kikuu. Asubuhi akisikia kuna lori limelala Mbezi, anageuza shingo. Kinyerezi nayo inatokea Tabata na inatokea Mbezi kupitia Malamba Mawili. Bunju na Boko mna barabara moja kubwa, ikisimama, mmesimama. Siku za kawaida safari ya Bunju na ya Goba zinaweza kulingana. Zinaachana siku mbaya, na kazini hawakuandikii onyo kwa wastani wa mwezi, wanakuandikia kwa siku ile uliyochelewa.

Sasa hesabu, kwa haraka. Tuseme unatumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi, siku 22 kwa mwezi. Hizo ni saa 88. Mwenzako anatumia saa 1 kwenda na 1 kurudi, zake ni 44. Tofauti ni saa 44, kama wiki nzima ya kazi, kila mwezi, na hakuna anayekulipa. Weka pia bodaboda. Kiwanja cha "kilomita 3 tu toka lami" maana yake ni bodaboda asubuhi na bodaboda usiku, na mara nyingi hiyo ya kilomita 3 inakula pesa kuliko daladala la kilomita 20. Kwenye vilima vya Goba na Mbezi Makabe mvua ikinyesha hata bodaboda hapandi, unavua viatu. Na dada zangu mnajua zaidi yangu maana ya kutembea kilomita hiyo saa 11 alfajiri, giza totoro.

Wachumi wawili wa Uswisi, Alois Stutzer na Bruno Frey, walichapisha mwaka 2008 utafiti wa takwimu za Ujerumani. Kinadharia anayesafiri mbali anafidiwa: kodi nafuu, nyumba kubwa, au mshahara mnono. Wakakuta wenye safari ndefu hawaridhiki na maisha kama wenzao. Fidia haikutosha. Na hiyo ni Ujerumani, kwenye treni za ratiba. Nadhani tunakosea kwa sababu nyumba kubwa tunaiona kwa macho siku ya kununua, na foleni tunakuja kuionja baadaye.

Watoto. Basi la shule linampitia mtoto saa 11 alfajiri, maana yake ameamshwa saa 10 na nusu. Wale wa daladala, konda anawakwepa kwa sababu nauli yao ni ndogo. Ukichagua mtaa kwa safari yako peke yako, umepima nusu ya nyumba. Mara nyingi nawashauri watu wachague shule kwanza, ndipo mtaa.

Halafu kuna hili ambalo wazee hapa watanigombeza. Si lazima ulale kwenye nyumba uliyojenga. Tumefundishana kwamba kupanga ni aibu. Kila Krismasi na kila Idi shangazi anauliza, "Utapanga mpaka lini?" Mtu anahamia kwenye nyumba haina dirisha wala umeme, huko mbali, ili ajibu swali la shangazi. Kazi inahama: ofisi za serikali zimekwenda Dodoma, kampuni zimetoka Posta zikaenda Mikocheni na Masaki. Nyumba haihami. Kwa hiyo nunua kiwanja pale ambapo ardhi ina hati na bei unaiweza, jenga taratibu, na wewe panga karibu na mkate wako. Najua ugumu wake, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi 6 au mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mkopo wa chama hiki, hilo ndilo ningelikopea kwanza.

Kabla ya kusaini chochote, nendeni Jumatatu. Kaa kituoni saa 12 asubuhi, panda hadi kazini, rudi jioni ukitokea Kariakoo kama watu wengine. Rudia siku ya mvua. Mtu wa kumuuliza ni mama anayeuza chapati kituoni, au vijana wa bodaboda. Hawana kamisheni kwenye kiwanja chako. Na mkipata kiwanja kinachogusa barabara kuu kabisa, nendeni TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, mkaulize hifadhi ya barabara inaishia wapi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na zilikuwa karibu na lami kuliko zote.

Mwenyekiti ananiashiria. Nichukue maswali mawili.

Dada wa kule nyuma anauliza: yeye kazi yake iko Mbagala, mume yuko Mwenge, wakae wapi? Dada yangu, katikati kwenu kuna Barabara ya Mandela na malori yake, msijidanganye kwamba katikati ni nafuu kwa wote wawili. Mnaweza kugawana adha nusu kwa nusu. Ningeuliza kwanza nani anayemchukua mtoto jioni. Huyo akae karibu na kazi, na mwingine asafiri.

Na kaka huyu ameshanunua Chanika, anafanya kazi Masaki, msingi umeshapanda. Usiuze, kaka. Maliza vyumba viwili, pangisha kwa mwalimu au nesi anayefanya kazi huko huko Chanika, na wewe tafuta chumba Kinondoni. Kodi ya Chanika haitalipa yote ya Kinondoni. Itachangia, na tofauti yake ukiigawa kwa zile saa 44 utaona saa moja imekugharimu shilingi ngapi.