Boi Hakui

Mlio nyuma sogeeni, viti vya mbele haviumi.

Leo tuulize: kwa nini kazi ile ile huheshimiwa ikifanywa na mmoja, ikadharauliwa ikifanywa na mwingine? Nianze na biriani. Usiku wa kuamkia harusi hapa Mombasa utamkuta mpishi uani, kikoi kiunoni, mwiko mrefu kama kasia. Amepatana bei na kutangulizwa pesa, na watu wanamwita fundi. Pembeni kina mama kumi wanamenya vitunguu tangu alasiri, machozi yakiwatoka. Hao hawakupatana na mtu. Ijumaa watapika biriani ile ile majumbani mwao, na fundi hawaitwi. (Cheka tu, mama, tunajua nani aliunga viungo.)

Sasa neno boi. Wakati wa ukoloni, nyumbani kwa Mzungu mtumishi mara nyingi alikuwa mwanamume. Kwa Kiingereza neno hilo ni mtoto wa kiume, naye aliitwa hivyo hata akiwa na mvi na wajukuu. Leo kazi hiyo wanaifanya zaidi wanawake, nasi tunasema "msichana wa kazi". Kwetu alikuwapo mmoja aliyepita miaka hamsini, na mgeni akija mamangu humwambia, "Ngoja msichana alete chai." Bendera imebadilika, boi ametoka kaingia msichana, lakini mshika fagio bado hajaruhusiwa kukua.

Na asili ya mtu, nayo hupunguza thamani ya kazi yake? Wakoloni waliiandika kwenye mshahara. Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa serikali Afrika Mashariki, mwaka 1948 ilikubali kwamba asiye Mzungu, kwa cheo kile kile, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Ilibidi ije Tume ya Lidbury, 1954, kuikataa hesabu hiyo.

Imekataliwa kwenye karatasi. Anayetoka Ulaya kuendesha hoteli ya ufukweni ni "mtaalamu". Binti yetu akipanda ndege kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani ni "shagala", yaani kijakazi, hata kama hapa alikuwa mwalimu wa chekechea. Wote wawili wamevuka bahari kutafuta riziki. Lakini binti kibali chake kiko mkononi mwa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, na Saudia ilipolegeza masharti hayo mwaka 2021, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje.

Majuzi nilikaa kwenye posa. Wazee wakauliza kijana anafanya kazi gani. "Mpishi." Kimya, mmoja akakohoa. Mjomba wake akaongeza haraka: "Hotelini, Dubai."

Halwa ikaletwa.