Kutengeneza Msingi Uliozama Kwenye Udongo wa Kinamo

Assalaamu alaykum watazamaji. Leo tuko Pemba, ukingoni mwa bonde la mpunga, kwenye nyumba ya matofali ya saruji. Tazameni pembe hii ya nyuma. Ufa umeanzia kona ya dirisha, ukashuka ngazi ngazi kwenye viungio vya matofali mpaka karibu na ardhi. Mlango wa chumba hiki haufungi tena mpaka uusukume kwa bega.

Bibi mwenye nyumba kaniuliza mapema: "Fundi, kwani si tungepiga plasta tu?" Nikamwambia, "Bibi, plasta ilishapigwa, ndiyo ile pale inayobanduka." Mafundi wengi huanzia pale, nami sikubaliani nao. Anayeumwa hapa si ukuta, ni udongo.

Chini yetu kuna kinamo, yaani udongo mzito wa mfinyanzi. Kwa mpunga ni neema, kwa msingi mfupi ni balaa. Kaskazi ikikausha, kinamo kinanywea na kupasuka. Masika yakinyesha, kinafyonza maji na kuvimba. Kingepanda na kushuka sawasawa nyumba nzima, tusingelijua hata. Taabu ni kuwa pembe moja inapata maji zaidi, au inakaushwa na mti, kwa hiyo inakwenda peke yake.

Hatua ya kwanza, usome ufa kabla ya kushika chepe. Huu ni mpana juu na mwembamba chini, maana yake pembe inazama na kuinamia nje. Ukikuta ufa mpana chini, katikati ya ukuta, huenda pale kati ndipo palipozama. Weka alama ya penseli kila mwisho wa ufa na uandike tarehe. Kisha bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa, kishike kwa saruji pande zote mbili. Kikikatika, nyumba bado inatembea. Subiri upite msimu wa mvua na wa jua. Najua mtu ana haraka, lakini pasipo hivyo unatibu ugonjwa usioujua. Na ikiwa nyumba ni ya ghorofa, au ufa unaingia kidole, muite mhandisi. Video hii haitoshi.

Hatua ya pili ni maji, na khasa ndiyo kazi yenyewe. Zungukeni nami. Gata hii imetoboka, maji ya paa lote yanamwagika kwenye pembe iliyozama. Bomba la jikoni linavuja chini kwa chini, oneni majani yalivyo mabichi hapa wakati kwengine yamekauka. Karo la maji machafu nalo liko karibu mno. Tengeneza gata, badilisha bomba, peleka maji mbali kwa mtaro wenye mteremko. Nyumba nyingi zilizopasuka kidogo hutulia hapo, hata hazifiki kuchimbwa.

Neno moja kuhusu ule mwembe. Usiukate kwa hasira. Kama ni mkubwa na ulikuwapo kabla ya nyumba, mizizi yake imezoea kunywa maji ya hapa. Ukiuondoa ghafla maji yanabaki, kinamo kinavimba, na msingi sasa unanyanyuliwa. Punguza matawi kidogo kidogo.

Ikiwa maji yamedhibitiwa na kioo bado kinakatika, ndipo tunachimba. Chagueni kipupwe, masika yakishamalizika. Kwanza egemeza boriti kwenye ukuta na juu ya dirisha. Halafu gawa urefu wa msingi vipande vya mita 1, uvipe namba: 1, 2, 3, kisha tena 1, 2, 3. Chimbeni za namba 1 tu. Mashimo mawili yanayopakana yasiwe wazi kwa wakati mmoja hata siku moja, kwani ukuta utakosa pa kukaa. Wapo wanaochimba mtaro mzima kuokoa muda. Hao wanaweza kuuona ukuta ukiwashukia.

Shuka chini ya msingi wa zamani mpaka uipite mizizi na nyufa za udongo, ufike udongo mgumu unaogoma mtaimbo. Ukipita kimo cha mita 1.2, zuia kingo kwa mbao, na udongo unaoutoa uweke mbali na shimo. Asiingie mtu peke yake. Kinamo kilicholowa kinaporomoka bila ya kubisha hodi.

Safisha chini, kwangua udongo ulioganda kwenye tako la msingi wa zamani. Mwaga zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, maji kiasi. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi yake inakula nondo. Chomeka vipande vya nondo pembeni ili zege la shimo lijalo lipate pa kushika. Usijaze hadi juu! Bakisha nafasi ya inchi 3 chini ya msingi.

Baada ya siku mbili rudi na mchanganyiko wa saruji 1 kwa mchanga 3, mkavu, unaogandamana tu ukiuminya mkononi. Uingize kidogo kidogo, uushindilie kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka usiingie tena. Hapa ndipo mzigo wa nyumba unapopokelewa na zege jipya, basi msiharakishe. Siku ya pili yake ndipo mnaanza namba 2, kisha namba 3 kwa mtindo huo huo.

Mashimo yakijaa, rudisha udongo kwa tabaka, shindilia. Kisha zungusha nyumba sakafu ya nje ya zege, upana wa mita 1, iteremke sentimita 5 kuelekea nje. Baina yake na ukuta acha mwanya mdogo, uujaze lami.

Ufa wenyewe tunauacha mpaka masika yajayo yapite. Ukikaa kimya, chonga mfereji kwenye viungio vya matofali, laza nondo ya milimita 6 inayovuka ufa nusu mita kila upande, jaza saruji na lowesha siku kadhaa. Nyumba za zamani za mawe na chokaa zizibeni kwa chokaa, si saruji ngumu. Mlango tutaupiga randa mwisho kabisa, ukuta ukishatulia.