Daftari la wizi mtaani kwetu: saa ngapi, wapi, aliingiaje

Haloo, haloo... hii maiki inakwaruza, wa nyuma mnanisikia? Haya. Shikamooni wazee wangu, kina mama hamjambo, vijana mambo vipi. Mwenyekiti wa mtaa asante kwa nafasi, nimeambiwa nusu saa ila najua kuna mpira saa moja kwa hiyo nitakimbia.

Nianze na swali. Nani hapa anaamini wizi umeongezeka mtaani kwetu mwaka huu? Ee, mikono yote juu, hata mjumbe wetu. Sasa nani ataniambia umeongezeka kutoka ngapi kwenda ngapi? (kimya, halafu kicheko) Ndo hapo sasa. Tuna uhakika wa jambo ambalo hatujawahi kulihesabu.

Mimi mnanijua, ndo nashika daftari la ulinzi shirikishi, na nikiri kitu mbele yenu, mwanzo nililiharibu mwenyewe. Nilikuwa naandika kila kinachoingia kwenye grupu la WhatsApp. Kuna nyumba iliibiwa TV, mwenye nyumba katuma voisi, baadae jirani yake kaelezea kwa namna yake, halafu siku mbili mbele habari ileile ikaturudia kutoka grupu la mtaa wa pili imeongezewa chumvi na mapanga, na mimi nikaandika yote. TV moja, wizi tatu! Ukinisikiliza mimi wakati ule ungehama.

Na hii sio ya kwetu tu. Mnakumbuka Panya Road, lile kundi la vijana waporaji, mapema Januari 2015? Jioni moja tu Dar nzima watu wamefunga maduka, wanakimbia hata hawajui wanakimbia nini, kila mtaa unasema wameshafika kwetu. Watu waliporwa kweli, sikatai, ila kama ungechora ramani kwa simu zilizopigwa usiku ule ungeona kila uchochoro wa jiji umevamiwa kwa dakika ileile. Hofu ina miguu kuliko mwizi.

Mtu atasema si polisi wana takwimu. Wanazo, polisi na NBS, ile Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanatoa taarifa ya hali ya uhalifu, lakini zile zimejumlishwa kwa mikoa ya kipolisi, Kinondoni, Ilala, Temeke. Sensa ya 2022 imetuhesabu Dar es Salaam watu 5,383,728, sasa mtaa wetu humo ndani ni punje ya mchele kwenye gunia, mkoa unaweza kushuka sisi tukapanda wala hakuna atakayejua. Na halafu lipo jambo la kuripoti lenyewe. Kijana kakwapuliwa simu na bodaboda pale barabarani, anachotaka yeye ni laini yake irudi maana hela zake zimo, basi anakata losi ripoti, anaandika simu imepotea, anarudisha laini, maisha yanaendelea. Serikali inajua simu imepotea. Simu haikupotea, ilinyakuliwa! Kwa hiyo unaweza kukuta mtaa una kesi chache kituoni kumbe watu wamekata tamaa kwenda, na mtaa mwingine una kesi nyingi kwa sababu askari kata wao anapokea simu na RB, ile namba ya kesi yako kituoni, inatoka bila usumbufu. Namba ikipanda usikimbilie kulia, jiulize kwanza ni wezi wameongezeka au ni waliofungua midomo wameongezeka.

Sasa daftari. Nataka mambo matatu tu, saa ngapi, wapi, aliingiaje.

Saa ngapi ndo inasumbua kuliko zote. Ukimuuliza mtu anakwambia "usiku", au anakutajia saa aliyogundua. Mwanzoni nikiangalia daftari langu naona wizi wote wa majumbani unatokea saa kumi na mbili asubuhi, nikashangaa hawa wezi wanaswali kwanza ndo wanaingia kazini? (kicheko) Kumbe ile ni saa watu wanaamka na kukuta ukutani hakuna TV. Siku hizi naandika nyakati mbili, saa ya mwisho ulipokiona kitu na saa ya kwanza ulipokikosa. Umelala saa nne, umeamka saa kumi na moja, basi mwizi yuko humo katikati. Ukiwa na nyingi za hivyo unazilaza pamoja kwenye karatasi, zinapopandana pale ndo pa kutilia shaka.

Na hapo ndo tuligundua aibu yetu wenyewe. Doria yetu ilikuwa inaanza saa sita usiku inaisha saa kumi alfajiri, vijana wanarudi kulala, na simu zinakwapuliwa saa kumi na moja watu wanapowahi daladala. Yaani tunalipa hela ya ulinzi kila mwezi tunalinda saa ambayo hakuna kitu! Tukaisogeza doria, na wiki chache zilizofuata kukwapua kukapungua, ila sitaki kujisifu maana shule zilikuwa zimefungwa na njiani watu walikuwa wachache, labda ni sisi labda ni likizo.

Wapi, usiniandikie "maeneo ya sokoni". Andika nyumba ya ngapi kutoka kwenye kisima, uchochoro upi, taa ipo haipo. Kule Minneapolis, Marekani, watafiti walichukua simu zote walizopigiwa polisi kwa mwaka, wakachapisha majibu 1989, wakakuta kama asilimia 3 tu ya anuani ndo zinatoa nusu ya simu zote. Nusu! Kwa hiyo kusema "mtaa huu una wizi" ni kuwaonea nyumba nyingi zisizo na shida, huwa ni kona mbili tatu.

Aliingiaje, kakata wavu akavuta suruali kwa mti, kapinda nondo, kapanda ukuta, au mlango ulikuwa wazi tu, usione haya sema. Hii ina faida kubwa. Uingereza kulikuwa na makazi yanaitwa Kirkholt, pale Rochdale, miaka ya 80 yalikuwa yanavunjwa sana. Walipokaa na kuangalia tukio moja moja wakakuta wizi mwingi unahusisha mita za umeme na gesi za kutumbukiza sarafu, mwizi anajua kila nyumba ina kibubu chake ukutani. Wakaanza kuzitoa zile mita. Jambo la pili, waliona nyumba iliyovunjwa ina hatari ya kuvunjwa tena muda si mrefu, maana mwizi ameshaijua njia na anajua utanunua TV mpya. Basi wakawa wanachukua majirani wanaoizunguka nyumba ile wanaiwekea macho, sio mtaa mzima, hao hao wachache. Wizi ulishuka sana pale. Sisi mita ya umeme ya LUKU haina sarafu ila mtungi wa gesi tunauacha nje uani umeunganishwa na mpira, kuna tofauti gani?

Tahadhari moja. Mtaa mdogo namba zake zinarukaruka. Tuseme Machi matukio matatu, Aprili sita, mtu anakuja kikaoni anapaza sauti uhalifu umepanda asilimia 100! Inawezekana ni vijana wawili wamepita usiku mmoja wakavunja nyumba tatu mfululizo, basi. Linganisha Aprili na Aprili ya mwaka jana, Desemba na Desemba, maana mwezi wa sikukuu una mambo yake na masika yana yake, mvua ikipiga bati hakuna anayesikia nondo ikipindwa.

Na hili nalisema kwa msisitizo, mle ndani hakuna jina la mtu. Kuna mzazi alinifuata niandike jina la mtoto wa jirani eti anavuta bangi lazima ndo yeye, nikakataa. Leo jina limo kwenye daftari, kesho kuna mtu anapiga kelele za mwizi, keshokutwa gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali", na sisi wote tunaijua habari ile inaishaje. Ukimshuku mtu nenda kwa askari kata, daftari langu linajua madirisha na masaa tu.

Eti nani ameuliza... ndio mama, hata mtungi ukiibiwa ukapatikana unaandikwa, kuku pia, kandambili za mlangoni basi tuziache. (kicheko) Daftari liko kwangu, zamu ya kaka wa genge ni wikiendi. Mwenye tukio la wiki hii aje hapa mbele sasa hivi kabla hajasahau saa, na wewe uliyevunjiwa juzi nawaomba majirani zako wa kulia, kushoto na nyuma mbaki kidogo.