Jalada Limerudi Mezani: Filamu na Tamthilia za Uingereza za Kutazama Nyumbani

Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, habari za jioni.

Nilipoombwa nije kuzungumza juu ya filamu za Waingereza nilimuuliza mwalimu aliyenialika, "Mbona mimi?" Mimi si mtu wa sinema. Nimekaa masjala miaka 26. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kuyapa namba, kuyapandisha ghorofani na kuyatafuta yakipotea. Akanijibu, "Mzee, wewe kila ukitusimulia filamu unasimulia ofisi." Nikakosa la kusema. Basi leo nazungumza kama karani, mnivumilie.

Tamthilia za majumba ya wakubwa nitazipita haraka. Najua humu ndani wapo wapenzi wa Downton Abbey, na wapo waliomaliza vipindi vyote 60 vya The Crown, ile ya Malkia Elizabeth na familia yake. Sina ugomvi nao. Hiyo ya pili ina hata sehemu yetu: Februari 1952, binti wa mfalme yuko Kenya, baba yake amefariki Uingereza usiku, na habari inahangaika njiani kumfikia Sagana. Mandhari ya Kenya mnayoiona humo ilipigwa Afrika Kusini, lakini tuyaache. Nguo ni nzuri na farasi wamenona. Mwenye nafasi atazame.

Mimi nadhani kitu ambacho Waingereza wanakiweza kuliko taifa lolote ninalolijua ni kumwonyesha mtu aliyesimama mbele ya dirisha la ofisi. Ana karatasi mkononi, amepanga foleni, na ng'ambo ya dirisha kuna mtu mwenye adabu nyingi anayemwambia kwamba haiwezekani. Sisi dirisha hilo hatuhitaji kuelezwa. Wao ndio waliotuachia, pamoja na rejesta na mhuri wake.

Anzeni na Living, ya mwaka 2022. Hadithi yake ilianza Japani, katika Ikiru ya Akira Kurosawa ya 1952. Kazuo Ishiguro, aliyezaliwa Nagasaki akakulia Uingereza, akaihamishia London ya mwaka 1953, na mwongozaji ni Oliver Hermanus wa Afrika Kusini. Bill Nighy ni Bwana Williams, mkuu wa idara katika halmashauri ya London. Wanakuja akina mama na ombi lao. Mtaani kwao kuna kiwanja kilichobomolewa na mabomu ya vita, wanataka kiwe uwanja wa watoto kuchezea. Kijana mgeni wa ofisi anatumwa awasindikize. Wanapandishwa ngazi hadi idara ya bustani, si hapa. Wanashushwa idara nyingine. Si hapa pia. Wanazungushwa jengo zima, na mwisho jalada linarudi kwenye meza ile ile lilikotoka. Bwana Williams analipokea kwa upole, analichomeka katika rundo lililo pembeni yake. Likae hapa kwa sasa, anasema, halina madhara.

Nilipofika hapo nilisimamisha picha. Alikuwapo mama mmoja mjane aliyefuatilia mafao ya marehemu mumewe. Jalada lake nilikuwa nalo mimi. Lilipungukiwa saini moja, mwenye kusaini alikuwa safarini, nami nikaliweka chini ya mengine ili lisiniangalie usoni. Kila alipokuja nilimwambia, "Mama, linashughulikiwa." Miezi mitano. Sikumdai senti, sikumfokea hata siku moja, nilimpa kiti. Katika Living pia hakuna mwovu. Hakuna anayekula rushwa, hakuna anayepiga meza. Wote wamevaa vizuri, wote wanasalimiana vizuri, na uwanja wa watoto haujengwi. Halafu Bwana Williams anaambiwa na daktari kwamba amebakiwa na miezi michache. Yanayofuata mtayaona wenyewe. Ni dakika 102 tu.

Mkitaka kucheka juu ya jambo hilo hilo, ipo Yes Minister, iliyoanza BBC mwaka 1980. Waziri ameingia wizarani na nia njema; katibu mkuu wake, Sir Humphrey, kazi yake ni kuhakikisha nia hiyo haimpeleki popote. Kuna kipindi waziri anagundua hospitali mpya ambayo ina watumishi 500 wa utawala na huduma, na haina mgonjwa hata mmoja. Anashangaa. Anaelezwa kwa subira kwamba watumishi wana kazi nyingi mno, wagonjwa wangewaongezea mzigo. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu, alikuwa mpenzi wa wazi wa tamthilia hiyo. Jambo hili huwa linanichekesha kuliko kipindi chenyewe.

Ipo pia Brazil ya Terry Gilliam, ya 1985, ambayo haihusiani na nchi ya Brazil hata chembe. Mtu anaua nzi, nzi anadondokea ndani ya mashine ya kupiga chapa, herufi moja inabadilika, na askari wanakwenda kumkamata Bwana Buttle badala ya Bwana Tuttle. Nzi mmoja. Kwetu masjala tuliwahi kumstaafisha mtu kabla ya wakati kwa sababu ya tarakimu moja, na nzi hakuwepo. Filamu hii ni ndefu na ina vurugu, wengine itawachosha. Mimi nilipumzika katikati nikanywa chai.

Sasa nifike kwa Daniel Blake. I, Daniel Blake ni ya Ken Loach, na mwaka 2016 ilipewa tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, iitwayo Palme d'Or. Daniel ni seremala wa miaka 59 mjini Newcastle. Moyo umemsumbua, daktari amemkataza kufanya kazi. Lakini posho ya wagonjwa haitolewi na daktari, inatolewa na fomu. Picha haijafunguka bado, skrini ni nyeusi, mnasikia sauti tu. Mwanamke anamuuliza kama anaweza kuinua mkono kana kwamba anaweka kitu mfuko wa juu wa shati, kama anaweza kuvaa kofia. Daniel anajibu kwamba viungo vyake ni vizima, tatizo ni moyo. Swali la moyo kwenye fomu halimo. Anapata pointi 12, zinatakiwa 15. Basi ni mzima, akatafute kazi.

Akitaka kukata rufaa anaambiwa ajaze kwenye mtandao. Daniel hajawahi kushika kompyuta maishani. Kijana anamwelekeza aipandishe mausi kwenye skrini, naye anaichukua mausi mkononi, anaiinua, anaigusisha kwenye kioo. Ukumbi wowote utacheka hapo. Mimi nilicheka, halafu nikaona aibu, kwa sababu siku walipotuletea kompyuta masjala nilifanya karibu vile vile, na vijana walitoka nje kwenda kucheka.

Kuna sehemu nyingine ambayo sitaki muwe mnakula wakati mnaitazama. Katie, mama wa watoto wawili aliyehamishiwa Newcastle kutoka London, anakwenda mahali panapogawiwa chakula cha bure. Mtoa huduma anamtembeza rafuni, anamwekea hiki na hiki kwenye mfuko. Siku kadhaa amekuwa akiwalisha watoto, yeye hali. Mara amegeukia pembeni, amefungua kopo la maharage, anamimina kiganjani na kula kwa mkono pale pale, mchuzi unamchuruzika. Anashtuka alichofanya, analia kwa aibu. Hakuna muziki. Loach hana kawaida ya kukuambia ulie sasa.

Na kama mna jioni nne tu za mwaka mzima, nawaomba mzitumie kwa Mr Bates vs The Post Office. Ilionyeshwa kwenye televisheni ya ITV Januari 2024, usiku nne mfululizo, na ni mambo yaliyotokea kweli. Posta ya Uingereza ina vijiduka vijijini vinavyoendeshwa na mawakala. Mwaka 1999 ilianza kuwawekea mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikupotea. Mkataba ulisema upungufu ni wa wakala. Waliouza nyumba wakauza, waliofungwa wakafungwa. Kila aliyepiga simu aliambiwa kwamba ni yeye peke yake mwenye tatizo hilo. Waliotiwa hatiani ni zaidi ya watu 900.

Kati yenu wapo mawakala wa fedha za simu, najua. Basi mtazameni Jo Hamilton, wa kijiji cha South Warnborough, anavyofunga hesabu usiku. Pamepungua pauni elfu mbili. Anapiga simu ya msaada, anafuata anachoambiwa, anabonyeza, na mbele ya macho yake upungufu unakuwa elfu nne. Mwigizaji Monica Dolan hapigi kelele. Anaitazama tu skrini kama mtu aliyetukanwa na mtoto wake mwenyewe.

Bwana Bates mwenyewe, anayeigizwa na Toby Jones, alikuwa wakala huko Llandudno, Wales. Mwaka 2009 mawakala walikutana mara ya kwanza katika ukumbi mdogo wa kijiji cha Fenny Compton, na kila mmoja akagundua kwamba hakuwa peke yake. Mwaka 2019 watu 555 walishinda Mahakama Kuu. Magazeti yalikwisha kuandika, wabunge walikwisha kuuliza, lakini nchi haikushtuka. Ilipoonyeshwa tamthilia, ndani ya miezi mitano Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia zile kwa mkupuo. Mnisamehe, mambo haya yananipandisha sauti.

(Hapa mwenyekiti alinipa maji.)

Nisisahau Mangrove, ya Steve McQueen, mojawapo ya filamu tano alizowatengenezea BBC mwaka 2020 kwa jina la Small Axe. Frank Crichlow, mtu wa Trinidad, alifungua mgahawa Notting Hill, London, na polisi wakawa hawatoki mlangoni. Watu waliandamana mwaka 1970, tisa wakashtakiwa. Wawili kati yao, Darcus Howe na Altheia Jones-LeCointe, walijitetea wenyewe mahakamani bila wakili. Baada ya upekuzi mmoja polisi wameondoka, jikoni hakuna mtu, chujio limeangushwa chini na linayumba. Kamera inabaki hapo. Linayumba, linayumba, mpaka litulie lenyewe. Nimekwisha kuitazama mara nne, na kila mara najikuta nimeinama kwenye kiti.

Vijana wananiambia haya ni ya wazee. Haya, chukueni Adolescence ya 2025, iko Netflix. Ina vipindi vinne, na kila kimoja kimepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi tangu mwanzo hadi mwisho. Polisi wanavunja mlango alfajiri kumkamata mtoto wa miaka 13 akiwa kitandani, mtoto amejikojolea. Mkifika kituoni, angalieni utaratibu. Anaulizwa kama ana mzio, anaulizwa atakula nini asubuhi, wakili anaitwa, baba anaelezwa haki za mwanawe. Upole mtupu, na yote hayo kwa mtoto anayetuhumiwa kuua. Na kwa kuwa picha haikatwi, wakiambiwa wasubiri, nanyi mnasubiri pamoja nao.

Dondoo mbili za nyumbani. Kwanza, washeni maandishi ya chini. Kiingereza cha Newcastle si kile cha redioni, na Kes ya Loach, ya 1969, ya mtoto wa Barnsley na mwewe wake, ilipotoka Wamarekani wenyewe walilalamika hawasikii. Pili, msiogope bando kuisha. Kazi za Waingereza ni fupi. Fawlty Towers, ile ya hoteli, ina vipindi 12 kwa jumla, sita vya 1975 na sita vya 1979, kwisha. Mara nyingi mwandishi ni mmoja au wawili, wakiishiwa hawaendelei. Happy Valley, ya sajini wa polisi huko Yorkshire, ilikatika baada ya 2016 ikarudi 2023, kwa kuwa mwandishi wake Sally Wainwright alitaka yule mtoto anayeigiza mjukuu wa sajini akue kwanza. Fikirieni subira hiyo.

Kuhusu maswali. Baba mmoja aliuliza mbona sikutaja Mind Your Language, ile ya darasa la wageni. Baba yangu, tulicheka sote, mimi nikiwemo. Lakini mkubwa mmoja wa kituo kilichoitengeneza, Michael Grade, aliisimamisha mwaka 1979 kwa kuona inawadhihaki wageni, na nikiitazama leo naona hakukosea sana. Mwalimu wake, Bwana Brown, bado nampenda.

Dada wa safu ya nyuma aliuliza kama hakuna chochote cha watoto, au nitawaachia polisi na posta tu. Kipo: Paddington, ya 2014, na ya pili yake ya 2017, ambayo mimi naiona bora zaidi. Ni dubu aliyetoka Peru, anapenda jamu ya machungwa. Mtunzi wake, Michael Bond, aliwakumbuka watoto waliohamishwa kutoka mijini wakati wa vita, waliosimamishwa stesheni na vibandiko vyao. Kwa hiyo, dada, samahani: huyo dubu naye ameingia London na karatasi shingoni.

Alicheka, akasema basi ataanza na hiyo.