Tessnow na "rangi ya mbao" yake

Haya jamani karibuni, najua wengi mmekuja kusikia DNA, itafika, ila leo tunaongelea kupima madoa ya damu kwenye kesi za mauaji, na naanza na fundi seremala mmoja wa Ujerumani anaitwa Ludwig Tessnow. 1898 wasichana wadogo wawili waliuawa huko Lechtingen, polisi wakamdaka huyu jamaa nguo zake zina madoa, akawaambia hiyo ni rangi ya mbao, mi si fundi? Wakamwachia. Kwani wangefanyaje, enzi hizo hata ukigundua doa ni damu hakuna wa kukuhakikishia ni ya mtu au ya mnyama.

1901 tena, kisiwa cha Rügen hukohuko Ujerumani, watoto wawili ndugu wakakutwa wameuawa msituni, na wiki chache kabla kuna kondoo walikatwakatwa malishoni. Aliyekamatwa? Tessnow huyohuyo, na wimbo uleule, rangi ya mbao.

Sasa bahati yake ikaishia hapo, maana mwaka huohuo dokta Paul Uhlenhuth wa Greifswald alikuwa ametangaza kipimo chake. Unamdunga sungura damu ya binadamu, mwili wake unatengeneza kinga dhidi ya protini za binadamu, unachukua seramu (yale maji ya damu yanayobaki ikiganda) ya yule sungura unaichanganya na doa ulilolowesha kwenye maji ya chumvi, ukiona ukungu mweupe basi hiyo ni ya mtu. Ukitafuta ya kondoo unaandaa sungura mwingine. Nguo za Tessnow zikatoa zote mbili, ya mtu na ya kondoo! Akahukumiwa kifo.

Mi naona watu tunalisahau sana hili swali la katikati, kwamba damu ni ya mtu au ya mnyama. Ule mwanga wa bluu wa luminoli, dawa ya kunyunyizia kutafuta damu, mnaouona kwenye muvi ni wa kukuonyesha pa kuanzia tu, unawaka kwa sababu ya madini ya chuma kwenye damu ila hata jiki inauwasha, kwahiyo mtu asikwambie "imewaka, kesi imeisha". Unathibitisha ni damu, halafu ni ya mtu, ndo unauliza ya nani, na hapo DNA inatoka kwenye chembe nyeupe maana nyekundu hazina kiini, na DNA inakaa kwenye kiini.

Dada hapo nyuma kauliza nguo yenye damu ikiwa bado mbichi inakuwaje. Usiifunge kwenye mfuko wa nailoni, unyevu unabaki ndani, bakteria na ukungu wanaharibu DNA, iache ikauke yenyewe bila jua wala moto halafu iweke kwenye bahasha ya karatasi, na kila nguo bahasha yake.