Okidi Kwenye Balkoni ya Ghorofa

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tuko kwenye balkoni yangu hapa Upanga, Dar es Salaam, tunaongelea okidi. Kaka Baraka, karibu, pita upande huu usigonge vikapu.

BARAKA: Asante dada Zuhura. Hizi zenye mizizi mirefu inayoning'inia, mbona hazina udongo?

ZUHURA: Hizo ni Vanda, asili yake Asia. Porini zinakaa juu ya miti, mizizi inashika gome na kunywa mvua. Ukiifukia kwenye udongo inakosa hewa, inaoza. Mimi natumia vipande vya mkaa na makumbi ya nazi, basi. Makumbi uyaloweke kwanza siku kadhaa, ukibadilisha maji, maana yana chumvi.

BARAKA: Na kumwagilia? Wengi ndipo wanapozipotezea.

ZUHURA: Sogea uangalie mzizi huu. Sasa hivi ni wa kijivu, karibu rangi ya fedha. Naupulizia maji... tazama.

BARAKA: Eh! Unageuka kijani!

ZUHURA: Tabaka la nje lina seli zilizokufa, zinafyonza maji kama sifongo. Likilowa, kijani cha ndani kinaonekana. Kwa hiyo mimi sifuati ratiba, nafuata mzizi. Ukiwa kijani, iache. Ukirudi kijivu, ipe maji, na iwe asubuhi. Wakati wa kaskazi hizi Vanda zinadai maji kila siku. Ila uangalie maji ya kisima: mengi hapa mjini yana chumvi, yanaunguza ncha za mizizi. Masika ikija mimi nakinga mvua kwa ndoo.

BARAKA: Sasa yangu, ile ya dukani yenye maua mapana meupe. Yalipodondoka, ikawa majani tu mpaka leo.

ZUHURA: Hiyo ni Phalaenopsis, na wala haiumwi. Inasubiri usiku upoe. Joto likipita nyuzi 28 mfululizo haitoi kikonyo cha maua. Nairobi, Julai usiku unashuka hadi karibu nyuzi 12, kwa hiyo huko shida ni kuikinga na baridi. Hapa kwetu subiri kusi, Juni hadi Agosti, uiweke penye upepo mwanana. Ndiyo maana mtu wa Pwani namwambia aanze na Vanda au Dendrobium. Angalia Singapore: joto mwaka mzima, na ua lao la taifa tangu 1981 ni okidi, Vanda Miss Joaquim.

BARAKA: Balkoni yangu inatazama magharibi.

ZUHURA: Jua la alasiri litaziunguza, funga neti ya kivuli. Halafu soma majani. Kijani kilichokolea sana maana yake mwanga hautoshi, ua hutaliona. Kijani chenye umanjano kidogo ndicho tunachokitaka.

BARAKA: Kuna jamaa ameahidi kunitolea za porini, zenye madoa kama ya chui.

ZUHURA: Ansellia africana. Ni ya hapa hapa kwetu, na ni nzuri kweli, lakini mkatalie, kaka. Mizizi imegandamana na gome. Ukiibandua inakatika, na mmea mara nyingi unakufa. Kule Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wanapoita Bustani ya Mungu, watu walichimba viazi vya okidi vikavushwa Zambia kuliwa, na mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa. Mimi inaniuma sana. Nunua iliyooteshwa kitaluni, na uulize ilikotoka.

BARAKA: Nimekuelewa, nitamwambia aziache. La mwisho: kile kikonyo cha zamani cha Phalaenopsis yangu nikikate?

ZUHURA: Kama bado ni kijani, hesabu vifundo kutoka chini, ukate juu kidogo ya cha pili au cha tatu. Mara nyingine kinachipua tawi jipya la maua. Kikiwa kimekauka, kata chote. Na wembe uupitishe kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine, maana okidi zinaambukizana virusi kupitia kisu.