Tuta la Mto Po na Ujirani wa Gualtieri

Mabibi na mabwana, hamjambo, na ahsanteni kwa kuacha shughuli zenu. Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku katika kijiji cha Italia kilicho kando ya mto. Nimechagua Gualtieri, wilaya ya Reggio Emilia, kaskazini mwa nchi, ukingo wa kusini wa mto Po. Waliokuja kusikia habari za piza wanisamehe. Hizo ni za Napoli. (Kicheko.)

Gualtieri ina watu elfu sita na ushei. Ina uwanja mkubwa, mraba wa karibu mita 100 kila upande, uliojengwa na ukoo wa kikabaila wa Bentivoglio mwishoni mwa karne ya 16, na pembezoni una vibaraza vya matao vya kukwepea jua na mvua. Wazee wanacheza karata za briskola na kubishana kwa lahaja ambayo mtu wa Roma haambulii kitu, na glasi ya lambrusko, mvinyo mwekundu wenye povu, haiko mbali. Lakini karata na mvinyo utavikuta kila kijiji cha Italia. Mimi nataka tuangalie tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia mto.

Po ndio mto mrefu kuliko yote Italia, kilomita 652, na unashuka na shehena ya mchanga na tope kutoka milima ya Alpi na Apenini. Zamani ulikuwa ukiutapanya mzigo huo bondeni kila ulipofurika. Watu wakaubana kwa matuta, tope likakosa pa kwenda, likajaa mtoni. Sasa siku ya mafuriko maji yanapita juu kuliko mashamba, na anayesimama mlangoni kwake yuko chini ya mto. Siku ya kawaida, ukiwa kijijini, mto huuoni kabisa. Unaona ukuta mrefu wa nyasi, na juu yake watu wanaendesha baiskeli. Ng'ambo ya ukuta, kabla hujafika majini, kuna ardhi wanayoiita golena. Humo kuna mistari ya miti ya popla inayopandwa kwa ajili ya plaiwudi. Mwenye miti anajua kwamba ardhi ile ni ya mto, yeye amepewa kwa muda.

Pale uwanjani kuna kasri la Bentivoglio. Mgeni hulipiga picha akidhani ameona kasri zima, kumbe ni kipande. Katikati ya karne ya 18 wenyeji walibomoa sehemu kubwa ya jengo hilo wapate matofali ya kuimarishia tuta. Nimesoma wanahistoria wa sanaa wanaoliona jambo hilo kuwa hasara. Mimi naliona kuwa akili timamu.

Na matuta hayo yalijengwa na nani? Na vibarua wa toroli, mtu na toroli lake la mbao, akilipwa kwa udongo aliousukuma. Ni watu wa bonde hilo hilo waliochoka kulanguliwa na madalali wa kazi wakaamua kuchukua kandarasi wenyewe. Chama cha kwanza cha ushirika cha vibarua kilianzishwa Ravenna mwaka 1883. Emilia-Romagna, mkoa wenye Ravenna na Gualtieri, mpaka leo ni nchi ya ushirika, kuanzia maduka hadi viwanda vya jibini.

Msije mkadhani nawasifu mno. Mwaka 1919 Uswisi ilimfukuza kijana mmoja aliyezaliwa Zurich, Antonio Ligabue, ikampeleka Gualtieri kwa sababu tu karatasi zake zilisema kwao ni huko. Kiitaliano hakijui, na akili yake ilikuwa inamsumbua. Wenyeji walimpa chakula na kibarua cha mtoni. Pia walimwita Mjerumani, wakamwita kichaa, na kwa miaka mingi aliishi kwenye vibanda vya golena. Huko ndiko alikochora simba na chui milia ambao hakuwahi kuwaona porini, na picha nyingine alizitoa kwa sahani ya supu. Alifariki hapo hapo mwaka 1965, akiwa mchoraji mwenye jina. Leo kazi zake zimetundikwa ndani ya kile kipande cha kasri. Ujirani una pande zote mbili hizo, na anayewaeleza upande mmoja anawauzia mbuzi kwenye gunia.

Sasa turudi kwenye tuta, maana hapa pana utaalamu. Maji yakipanda, hatari ya kwanza si kuruka juu. Maji hupenya chini ya tuta, kwenye tabaka la mchanga, yakachomoza upande wa nchi kavu kama kijichemchemi katikati ya shamba la mtu. Wanakiita fontanatso. Maji yakitoka meupe, unakaa ukiyaangalia. Yakitoka na mchanga, ujue tuta linaliwa kutoka chini. Ningekuwa mimi ningekimbilia kuziba, nanyi vilevile. Haizibwi! Ukiziba, maji yatatafuta tundu jingine usilolijua. Wanapanga viroba vya mchanga kulizunguka, kama kisima, maji yapande humo ndani mpaka uzito wake uzuie yanayosukuma kutoka mtoni. Kasi ikipungua, mchanga unatulia. Hakuna familia inayoweza kupanga viroba hivyo peke yake usiku wa Novemba.

Wanakumbuka yanayotokea tuta likishindwa. Tarehe 14 Novemba 1951 mto ulivunja tuta la kaskazini karibu na Occhiobello, ukazamisha eneo la Polesine. Watu 84 walikufa katika lori moja lililokwama majini huko Frassinelle likijaribu kuwaokoa, na takriban watu 180,000 walihama makwao. Januari 2014 likavunjika tuta la Secchia, mto unaoingia Po, na wataalamu wakataja mashimo ya wanyama. Nungunungu ni mmoja wa wachimbaji hao. Ndiyo maana mkulima anayekagua nyasi za tuta hapotezi muda; anafanya kazi.

Mazoea ya kubeba pamoja huhamia kwenye mambo mengine. Ndani ya kasri kuna ukumbi wa maigizo uliofungwa mwaka 1979 kwa kuwa si salama. Vijana wa kijiji waliufungua tena mwaka 2009, wenyeji wakisaidia kwa mikono yao. Upande wa watazamaji ulikuwa haufai, basi wakageuza: watazamaji wanakaa jukwaani, waigizaji wanacheza kule kulikokuwa viti.

Muda umebaki kidogo, na dada aliye mstari wa pili ananyoosha mkono tangu zamani.

(Swali kutoka ukumbini: wanaokwenda kulinda tuta usiku wanalipwa na nani?)

Swali zuri. Uhandisi wa tuta ni wa wakala wa serikali za mikoa unaosimamia Po, na hao ni waajiriwa. Lakini wengi wanaotembea na tochi chini ya tuta ni wa kujitolea, wamejiandikisha katika kikosi cha ulinzi wa raia. Hawalipwi posho ya kazi hiyo. Ila sheria ya Italia inamlinda anayejitolea: akiitwa rasmi, mwajiri wake haruhusiwi kumwondoa kazini, anaendelea kumpa mshahara wake kama kawaida, kisha mwajiri anaomba serikali imrudishie fedha hizo.